Sauti ya Mnyonge na Sikio la Serikali

Yapo mambo ambayo mtu mzima huyapuuza kwa sababu yamesemwa na kijana, tena kwa kelele. Muziki wa kufokafoka, ambao vijana wenyewe huuita hip hop, ni miongoni mwa mambo hayo. Wazee wetu wengi wa Visiwani wanauhesabu kuwa ni fujo ya ugenini, na maofisa wengi wa Serikali, Bara na Visiwani, wanausikiliza kwa nia ya kutafuta kosa tu. Leo tunaomba ruhusa ya wasomaji wetu tuuangalie muziki huu kwa upande mwingine, yaani upande wa haki. Tumechagua kuutazama tukiwa na Ifakara na bonde la Mto Kilombero, mkoani Morogoro, mbele ya macho yetu. Bonde hilo lina historia ndefu ya watu kudai utu wao, na pia lina ugomvi wa ardhi unaohitaji sana sauti ya kweli.

Pengine msomaji wa Unguja au Pemba atauliza: Ifakara inatuhusu nini? Jibu analo nyumbani kwake. Unguja ilipounganishwa na umeme wa Bara kwa waya uliopita chini ya bahari mwaka 1980, mtambo wa Kidatu, uliokuwa umeanza kazi mwaka 1975 kwenye lango la bonde hilo, ulikuwa miongoni mwa nguzo za umeme ule. Baadaye ukaja mtambo wa Kihansi, ukingoni mwa bonde hilo hilo. Na katika maji ya Mto Rufiji, yanayoendesha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, zaidi ya nusu yanatoka Kilombero. Mchele wa Ifakara na sukari ya Kilombero havihitaji kutambulishwa kwa mtu. Basi anayewasha taa Michenzani hawezi kusema kuwa hana habari na watu wa bonde lile.

Tuanze na asili ya muziki wenyewe. Tarehe 11 Agosti, 1973, katika mtaa wa Bronx mjini New York, kijana mmoja mhamiaji kutoka Jamaika, Clive Campbell, aliyejulikana kwa jina la Kool Herc, alipiga santuri katika karamu ya dada yake. Karamu hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa chanzo cha hip hop. Bronx ya siku zile ilikuwa ni mahali pa watu weusi na watu wa Puerto Rico waliotupwa nyuma. Barabara kuu ilikuwa imepasua makazi yao, viwanda vilikuwa vimeondoka, na majumba yalikuwa yakiungua mtaa kwa mtaa. Watu wale hawakuwa na gazeti, hawakuwa na televisheni, wala hawakuwa na wa kuwasemea katika vikao vya wakubwa. Walichokuwa nacho ni santuri, kipaza sauti na ulimi.

Mwaka 1982 kundi la Grandmaster Flash and the Furious Five lilitoa wimbo uitwao "The Message", ulioeleza maisha ya majumba yale mabovu bila kupamba. Mwaka 1989 kundi la Public Enemy lilitoa "Fight the Power", wimbo uliotungiwa filamu ya Spike Lee juu ya chuki ya rangi katika mtaa mmoja wa Brooklyn. Mwaka 2015 waandamanaji waliopinga mauaji ya watu weusi mikononi mwa polisi walifanya wimbo wa Kendrick Lamar uitwao "Alright" kuwa wimbo wao wa njiani. Na baada ya George Floyd kuuawa na polisi mjini Minneapolis tarehe 25 Mei, 2020, muziki huo ulisikika tena katika maandamano. Ndiyo kusema kwamba, kwa zaidi ya miaka arobaini, watu walionyimwa haki kwa sababu ya rangi yao wamekuwa wakiitumia hip hop kama mashtaka yao, waliyoyapeleka mbele ya ulimwengu kwa kuwa mahakama hazikuwasikiliza.

Sasa tuulize: je, kushtaki kwa wimbo ni jambo la Wamarekani peke yao? Sisi tunasema hapana, na tuna ushahidi hapa hapa nyumbani. Siti binti Saad alizaliwa Fumba katika watu wa hali ya chini, wakati ambapo katika kisiwa cha Unguja nasaba na rangi vilimpimia mtu heshima yake. Alikwenda mjini akaimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Miongoni mwa nyimbo zake mashuhuri ni ule unaoitwa "Kijiti", uliosimulia mauaji ya mwanamke mgeni, na jinsi aliyeshtakiwa alivyopona ilhali mashahidi waliadhibiwa. Wimbo ule ulikuwa ni hukumu ya wanyonge juu ya mahakama ya wakoloni. Wazee wanaousikiliza mpaka leo kwa kutikisa kichwa hawasemi kuwa ni fujo. Basi na wamtazame mjukuu wao kwa jicho hilo hilo, ingawa yeye hana fidla wala ganuni.

Turudi Kilombero. Mapambano dhidi ya dhuluma ya rangi si habari ya kusomewa katika bonde lile. Katika Vita vya Maji Maji, tarehe 30 Agosti, 1905, wapiganaji, miongoni mwao Wapogoro na Wambunga, waliishambulia boma ya Wajerumani ya Mahenge, kwenye milima iliyo ng'ambo ya mto kutoka Ifakara. Walipigwa kwa bunduki za rashasha, na baadaye Wajerumani wakachoma vyakula na mashamba mpaka njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Watu wale walikuwa wakipigana na utawala uliowalazimisha kulima pamba na kuwachapa viboko, kwa madai kwamba mtu mweusi ameumbiwa kufanya kazi ya mwingine.

Miaka sabini baadaye bonde hilo hilo lilipitiwa na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na ilipita Kidatu, Ifakara na Mlimba. Sababu yake kubwa ilikuwa ni ubaguzi wa rangi: walowezi wa Rhodesia walikuwa wamejitangazia utawala wao mwaka 1965, na Zambia ilihitaji njia ya kwenda baharini isiyopita mikononi mwa makaburu na wenzao. Karibu na mji wa Morogoro, huko Mazimbu, wapigania uhuru wa chama cha ANC walijenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na Serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili, 1979. Shule ile ilikabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992, na makaburi ya wakimbizi waliofia pale yamebaki. Mkoa wa Morogoro, kwa hiyo, ulilipa ada yake katika vita vya kuuondoa ubaguzi wa rangi, na nyimbo za uhuru zilisikika pale kabla hip hop haijafika.

Hip hop ilipofika Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilikuwa ni ya kuiga. Saleh Jabir ndiye aliyevuma mwaka 1991 kwa kuweka maneno ya Kiswahili juu ya mdundo wa Kimarekani. Kisha vijana wakagundua jambo moja. Yule aliyewanyima dawa hospitali, aliyedai rushwa ili kutoa kazi, na aliyeahidi maji wakati wa kura akasahau baada ya kura, hakuwa mzungu. Alikuwa ni ndugu yao, mwenye rangi yao na lugha yao. Silaha iliyotengenezwa Bronx kwa ajili ya kupiga ubaguzi wa rangi ikageuzwa kupiga dharau ya mwenye cheo juu ya asiye na cheo. Mwaka 1998 Joseph Mbilinyi, ajulikanaye kwa jina la Mr. II au Sugu, alitoa "Hali Halisi". Mwaka 2001 Joseph Haule, aitwaye Profesa Jay, alitoa "Ndio Mzee", wimbo unaomchora mwanasiasa anayeahidi kila kitu na umati unaoitikia kila kitu. Wimbo ule uliwachekesha watu, na waliposhusha pumzi wakajiona wenyewe katika ule umati.

Katika uchaguzi wa mwaka 2015 wananchi wa jimbo la Mikumi, wilayani Kilosa, walimchagua Joseph Haule kuwa Mbunge wao, na alilitumikia jimbo hilo hadi mwaka 2020. Mikumi ndiko inakoanzia barabara ya kwenda Ifakara, na mashamba ya miwa ya Kilombero yamekaa pande zote mbili za Mto Ruaha, upande wa Kilosa na upande wa Kilombero. Wapiga kura wake walikuwamo wakulima wadogo wa miwa na vibarua wa mashambani. Mwenzake Mbilinyi alikuwa amekwisha kuingia Bungeni kwa tiketi ya Mbeya Mjini tangu mwaka 2010. Hatuyasemi haya kwa kukipendelea chama chochote. Tunayasema kwa sababu yanaonyesha kwamba wananchi wa kawaida waliusikia wimbo kama hoja, wakampa mwenye hoja dhamana ya kuipeleka Bungeni. Hiyo ni njia ya amani kabisa, nasi tunaisifu.

Serikali nayo imekuwa na masikio mawili. Mwezi Machi, 2017, msanii Nay wa Mitego alikamatwa mkoani Morogoro kwa sababu ya wimbo wake "Wapo", na Baraza la Sanaa la Taifa likaupiga marufuku. Haukupita muda ila Rais John Magufuli aliagiza aachiliwe na wimbo upigwe, akamshauri aongeze ndani yake habari za wakwepa kodi na wauza dawa za kulevya. Wiki iliyofuata, mwezi Aprili, mwanamuziki Roma Mkatoliki na wenzake walichukuliwa na watu wasiojulikana kutoka studio mjini Dar es Salaam, wakapatikana baada ya siku tatu wakiwa na majeraha. Na mwezi Februari, 2018, Mbilinyi, akiwa bado ni Mbunge, alihukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa maneno aliyosema mkutanoni, akatoka mwezi Mei.

Katika mambo hayo tunaona funzo kwa kila mtumishi wa umma. Ofisa wa chini aliuogopa wimbo mpaka akamfunga mwimbaji. Mkubwa wake aliusikiliza akaona ni maneno yanayoweza kumfaa. Hofu ya ofisa mara nyingi haitoki kwenye sheria, inatoka kwenye mashaka ya kutojua bosi atasemaje. Lakini nchi haiwezi kuendeshwa kwa mashaka. Wala haki ya msanii isitegemee kuwa siku hiyo mkuu amefurahi. Leo akifurahi utaachiliwa, kesho akikasirika utafungwa: hiyo ni bahati, na bahati si haki.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe linalotuuma. Bonde la Kilombero, ambalo mwaka 2002 liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani, likiwa na eneo la karibu kilomita za mraba 8,000, limekuwa kwa miaka mingi uwanja wa ugomvi baina ya wakulima na wafugaji. Wandamba, Wapogoro, Wambunga na Wabena wamelima na kuvua pale tangu zamani. Wasukuma, Wabarabaig na Wamaasai waliingia na ng'ombe wao zaidi katika miongo ya karibuni, wengine wakiwa wameondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007. Mwaka 2012 Serikali iliendesha operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo katika bonde la Kilombero. Juu ya hayo yote yako mashamba makubwa ya kampuni, hifadhi za wanyama na miti ya biashara, na kila mmoja anataka maji yale yale na udongo ule ule.

Mambo ya namna hii yanaweza kufika wapi, Morogoro wanajua. Tarehe 8 Desemba, 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wafugaji na wakulima. Kabla ya mkuki huja neno. Mfugaji huitwa mvamizi na mshenzi asiyejua mipaka. Mkulima huitwa mvivu na mla rushwa wa kijiji. Mtoto aliyezaliwa Mlimba au Malinyi na wazazi wa Kisukuma husikia akiambiwa arudi kwao, naye hana kwao kwingine. Tunawauliza wasomaji wetu: neno hilo lina tofauti gani na lile aliloambiwa mtu mweusi wa Bronx, au lile aliloambiwa Mpogoro na askari wa Mjerumani? Ubaguzi hubadili nguo tu, mwili wake ni ule ule. Mwalimu Nyerere alituonya katika miaka ya 1990, akitutaja sisi wa Visiwani waziwazi, kwamba anayeanza kwa kumtenga Mbara ataishia kumtenga Mpemba au Muunguja, kwa kuwa dhambi hiyo haina kikomo. Onyo lile linawafaa watu wa Kilombero kama lilivyotufaa sisi.

Hapo ndipo tunapowageukia vijana wa hip hop, na hatutawaficha. Wengi wao wanajua habari za mitaa ya Marekani kuliko habari za kijiji cha jirani. Wanaiga mavazi, wanaiga matusi, wanawadharau wanawake, kisha wanasema wanapigania haki. Mwenye kulia juu ya Minneapolis akanyamaza juu ya Rudewa Mbuyuni ameazima machozi. Na mwenye kutunga mistari ya kuwatetea wakulima kwa kuwatukana wafugaji, au kinyume chake, ameiuza kalamu yake kwa ukabila. Wapo waliokwisha kuonyesha njia nyingine. Kundi la X Plastaz la Arusha, katika albamu iliyotoka mwaka 2004, lilimweka mwimbaji wa Kimaasai aimbe kwa sauti ya kwao pembeni ya wenzake waliofoka kwa Kiswahili, wala hakuna aliyemwomba mwenzake aache asili yake. Tungependa siku moja kusikia Ifakara wimbo mmoja ulioimbwa na mtoto wa mkulima na mtoto wa mfugaji, kila mmoja akieleza haki yake na kukiri haki ya mwenzake. Ngoma za Kusini na Mashariki mwa nchi yetu, ikiwamo sangula ya Wapogoro, zimewazoesha watu kusemana uwanjani kisha kula chungu kimoja. Vijana wasiutupe urithi huo.

Kwa Serikali tuna maneno matatu. La kwanza, wimbo wa malalamiko usomwe kama taarifa. Mkuu wa Wilaya analetewa taarifa nyingi zilizolainishwa njiani mpaka zikapoteza ladha. Wimbo haukupita kwenye mikono hiyo. Kijana wa Kidatu akiimba kuwa miwa ya baba yake ilikaukia shambani kwa kukosa kuvunwa kwa wakati, au kuwa hakielewi kipimo cha utamu kinachoamua malipo yake, kazi ya ofisa ni kwenda shambani kuangalia. Akikuta ni uongo, ajibu kwa hesabu zilizo wazi. Akikuta ni kweli, arekebishe. Katika hali zote mbili hahitaji pingu.

La pili, mabaraza yetu ya sanaa, lile la Bara na hili la Zanzibar, yanapofungia wimbo yaseme kwa maandishi ni kifungu kipi cha sheria kilichovunjwa, na msanii apewe nafasi ya kujitetea kabla ya hukumu. Hatutetei matusi, wala uchochezi wa kabila juu ya kabila, dini juu ya dini. Mambo hayo yana sheria zake. Lakini kumkera kiongozi si uchochezi. Kiongozi asiyeweza kustahimili wimbo wa dakika nne atastahimilije malalamiko ya miaka mitano?

La tatu, nalo ndilo zito, haki haitengenezwi na wimbo. Wimbo hupiga mlango tu. Wenye kufungua ni Serikali. Mipango ya matumizi bora ya ardhi ya vijiji, ambayo sheria inaitaka, ikamilishwe katika bonde lile kwa kumkalisha mkulima na mfugaji pamoja, wanawake kwa wanaume, na mipaka ichorwe mchana mbele ya wote. Malisho yatajwe, njia za maji zitajwe, mashamba yatajwe. Mtu asiondolewe mahali bila kuonyeshwa mahali pengine pa kwenda, kwa kuwa waliofukuzwa Usangu ndio hao hao waliokuja kuwa tatizo la Kilombero, na wakifukuzwa Kilombero watakuwa tatizo la mwingine.

Nasi wa Visiwani tusijifanye watazamaji. Tunajua maana ya mtu kupimwa kwa nasaba yake, na tunajua maumivu yalivyo pindi neno la dharau linapoachwa likue. Vijana wetu wa Unguja na Pemba nao wana mistari yao, juu ya ajira, juu ya ardhi ya fukwe, juu ya wazazi wao. Tuwasikilize tukiwa tumekaa kitako, kama babu zetu walivyomsikiliza Siti. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wahenga walisema. Wakubwa nao wajue kwamba katika zama hizi lipo pia la mdogo, na asiyelisikia naye huvunjika.